Kima punju na kidege cha manjano: nani yuko hatarini?

MUULIZE MAALIM

*Asalaam alaykum, Maalim. Mjukuu wangu wa kidato cha kwanza amepewa kazi ya nyumbani: achague mnyama mmoja wa oda ya primati na ndege mmoja mwimbaji, awalinganishe kwa uainishaji na kwa hali yao ya uhifadhi. Kachagua kima punju na kile kidege cha manjano chenye pete nyeupe machoni, ambacho kutwa kimo mwembeni kwangu. Hapo ndipo tulipogombana. Yeye kaandika kima punju yuko hatarini, kidege hakina neno. Mimi nasema ni kinyume chake. Nilipokwenda Unguja harusini tulipitishwa msitu wa hifadhi wa Jozani, nikawaona kima punju kwa macho yangu, wamejaa tele, wazungu wanawapiga picha. Lakini kidege hiki nimeambiwa hakipo popote duniani ila Pemba. Kilichopo mahali pamoja tu si ndicho kilicho hatarini? Tuamue.*
*— Bibi wa Machomane, Chake Chake*

Wa alaykum salaam, Bi Mkubwa. Mjukuu wako kashinda, lakini usimwambie kwanza. Hoja yako ndiyo niliyoisomesha mimi mwenyewe darasani miaka chungu nzima: "Cha kisiwa kimoja ni cha hatari." Niliiandika ubaoni kwa chaki ya rangi na kuipigia mstari. Wapo watu wazima leo hapa Wete wanaoiamini kwa sababu yangu, na huu ndio wasaa wangu wa kuwaomba radhi.

Tuanze na uainishaji, maana hapo hakuna ugomvi na tutapita haraka. Wote wawili ni wa himaya ya wanyama, na wote wana uti wa mgongo. Baada ya hapo wanaagana. Kima anashika njia ya ngeli ya mamalia, kidege ngeli ya ndege. Kima yumo katika oda ya primati, pamoja na tumbili wetu wa Pemba, komba anayetuibia tembo minazini, na mimi na wewe. (Wanafunzi wangu walikuwa wakicheka hapo kila mwaka. Nami kila mwaka nikiwajibu: nyani haoni kundule.) Familia yake ni Cercopithecidae, jenasi Piliocolobus, spishi *Piliocolobus kirkii*. Kidege chako ni wa oda ya Passeriformes, jina lililotokana na neno la Kilatini la shomoro, na ndani ya oda hiyo yumo katika kundi la ndege waimbaji. Familia yake ni Zosteropidae, jenasi Zosterops, spishi *Zosterops vaughani*. Vitabu vya Kiswahili humwita kinengenenge.

Majina hayo yana hadithi ambayo mjukuu anaweza kuitia katika kazi yake, mwalimu akampenda. "Colobus" limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya aliyekatwa, kwa sababu mkono wa kima huyu hauna kidole gumba cha maana. Kilichopo ni kijinundu tu. "Zosterops" nalo ni la Kigiriki: mshipi wa jicho. Mmoja ameitwa kwa alichokosa, mwingine kwa alichovaa. Kisha wote wawili wakabandikwa Waingereza. Kirk alikuwa daktari na balozi wa Uingereza Unguja, na kima alielezwa kisayansi mwaka 1868. Vaughan alikuwa mwanasheria wa enzi za ukoloni aliyependa ndege, na kidege chako kilipewa jina lake mwaka 1924. Waliokuwa wakiwaita viumbe hawa kwa lugha yao kabla ya hapo hawakuulizwa.

Punju nalo ni neno zito. Wazee wa kusini Unguja walisema kima huyu ana sumu au uchawi, na harufu yake si ya kima wengine. Mti akiula unanyauka, mbwa akila nyama yake anapukutika manyoya. Mimi sijamwona mbwa wa namna hiyo, lakini harufu ipo kweli.

Sasa ugomvi wenyewe. Kuna Orodha Nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa maumbile, inayotunzwa tangu mwaka 1964. Kila spishi iliyochunguzwa huwekwa katika daraja lake: wasio na wasiwasi mkubwa, wanaokaribia hatari, walio dhaifu, walio hatarini, walio hatarini mno, mpaka waliotoweka kabisa. Kima punju yuko katika daraja la hatarini. Kinengenenge wa Pemba yuko katika daraja la wasio na wasiwasi mkubwa. Hivyo ndivyo alivyoandika kijana, na yuko sahihi.

Lakini wewe, Bi Mkubwa, umeuliza kwa nini, na swali la kwa nini lina faida kuliko jibu la daftarini.

Orodha ile hupima mambo kadhaa: idadi imeshuka kiasi gani kwa miaka kumi au vizazi vitatu, wamebaki wangapi wa kuzaa, na eneo wanaloishi ni kubwa kiasi gani. Tulichukue hilo la eneo, maana ndilo lako. Spishi iliyoenea chini ya kilomita za mraba 5,000 inaweza kuingizwa katika daraja la hatarini. Unguja nzima ni kilomita za mraba 1,600 na kitu, na Pemba nzima haifiki 1,000. Kwa ukubwa wa eneo peke yake, wote wawili wangeingia, na kidege chako kingetangulia. Lakini udogo wa eneo hautoshi. Hutakiwa pia angalau mambo mawili kati ya haya matatu: makazi yawe yamekatikakatika au yamebaki sehemu chache, hali iwe inaendelea kuharibika, au idadi iwe inapanda na kushuka kupita kiasi. Kwa lugha ya barazani: kuwa na nyumba ndogo si umasikini, umasikini ni nyumba ndogo inayobomolewa ukuta mmoja kila mwaka.

Na nyumba ya kinengenenge haibomolewi, kwa sababu kila kitu ni nyumba yake. Asubuhi moja baada ya sala ya Alfajiri nilikaa barazani kwangu na kikombe cha chai, nikahesabu kinengenenge 17 katika mpera mmoja. Si msitu ule, ni mpera uliosimama baina ya choo na kisima. Kidege hiki kinakula wadudu, kinakula vitunda, kinafyonza maua. Kinaishi Ngezi msituni na kinaishi kwenye mikarafuu. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja na Pemba ikashika usukani wa zao hilo, kisiwa chetu kimekuwa shamba zaidi kuliko msitu. Ndege mwingine angesusa. Huyu akajenga kijumba chake katika mkarafuu, akaendelea na maisha. Na jamaa zake wa jenasi ya Zosterops ni mafundi wa kuzaa haraka: mayai mawili au matatu, yanaanguliwa kwa muda wa siku kama 11 tu. Ukikosa mwaka huu, mwakani umeshajaza pengo.

Kima punju hana uhodari huo. Mama huzaa mtoto mmoja, kisha hupita miaka miwili na zaidi kabla ya kuzaa mwingine. Tumbo lake lina vyumba kadhaa kama la ng'ombe, la kusagia majani, na hata matunda huyataka mabichi, maana yaliyoiva yana sukari ya kumchafua tumbo. Tumbo kama hilo linataka miti mingi ya aina nyingi. Msitu ukikatwa kuni au makaa, hana mkarafuu wa kukimbilia.

Ngoja niseme hapa jambo moja ninalolipenda kuliko yote kuhusu mnyama huyu, ingawa halimo katika swali lako. Kima punju wa pembezoni mwa Jozani, wanaoshuka kwenye bustani za watu kula majani ya miembe na mikungu, hula makaa. Makaa haya haya ya kupikia. Huyachukua kwenye visiki vilivyoungua na kwenye matanuri ya wachoma makaa, wakayatafuna taratibu kama mtu anayetafuna tambuu. Wanasayansi waliowachunguza waliona kwamba majani hayo yana kemikali za kusumbua tumbo, na makaa huzinyonya. Mama hula, mtoto akitazama hujifunza. Ukienda tena, tazama mikono, si nyuso.

Turudi kwenye macho yako. Uliwaona wamejaa, na hukukosea. Lakini uliowaona ni makundi yaliyozoea watu, yanayokaa karibu na mlango wa hifadhi, mahali ambapo kila mgeni hupelekwa. Ni kama mtu afike soko la Chake siku ya Ijumaa kisha aseme Pemba yote imejaa hivyo. WCS, shirika la kimataifa la kuhifadhi wanyamapori, lilifanya hesabu ya kisiwa kizima, na matokeo yaliyotoka mwaka 2017 yaliwashangaza hata waliohesabu: kima punju zaidi ya 5,800, mara tatu ya ilivyodhaniwa. Magazeti yalishangilia. Ila hesabu hiyo hiyo ilikuta misitu minne ambamo wametoweka karibuni, na nje ya hifadhi watoto wanaosalimika ni wachache. Yaani hodhi lina maji mengi kuliko tulivyodhani, lakini limetoboka. Daraja la hatarini halisemi wamebaki wangapi tu. Linasema pia wanaelekea wapi.

Halafu barabara. Siku moja nilikuwa ndani ya daladala ya Makunduchi, tukapita pale msitu unapoikumbatia lami. Kando ya barabara alilala mama kima, na kichanga chake bado kimeng'ang'ania manyoya yake. Gari haikusimama. Nadhani mimi peke yangu ndiye niliyegeuka, na sikusema kitu, jambo ambalo hadi leo naliona ni aibu. Baadaye yalijengwa matuta kwenye kipande hicho, na vifo vikapungua. Ukisikia dereva anayalaani matuta ya Jozani, mwambie yana kazi yake.

Utaniuliza: kwani Pemba hatuna kima punju? Tunao, kidogo, Ngezi. Lakini si wenyeji. Waliletwa kutoka Unguja mwaka 1974. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi 22 Ngezi kuwatafuta. Tulizunguka tangu saa moja asubuhi mpaka adhuhuri, tukaambulia mkia mmoja na tawi lililovunjika juu ya vichwa vyetu. Wakati huo huo vinengenenge walikuwa wakipita makundi makundi, wala hakuna mtoto aliyewatazama, maana wamejaa kwao nyumbani. Nilirudi kwenye gari nikiwa kimya. Hapo ndipo ule mstari wangu wa chaki ya rangi ulipoanza kufutika.

Na kwa nini wenyeji wa Pemba hawakuwa na kima punju tangu asili, na Unguja haina kinengenenge wa Pemba? Bahari. Mkondo baina ya Unguja na bara si wa kina kirefu. Zama za barafu, bahari iliposhuka zaidi ya mita 100, Unguja ilikuwa sehemu ya bara, na wanyama walikuja kwa miguu yao. Ndiyo maana katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, imechimbuliwa mifupa ya punda milia na nyati. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Hata bahari iliposhuka, Pemba ilibaki kisiwa. Asiye na mbawa alibaki ng'ambo, mwenye mbawa alivuka, na kwa kukaa peke yake muda mrefu akageuka kuwa wa namna yake. Ndiyo sababu tuna ndege wanne ambao hawapo pengine duniani: kinengenenge, chozi wa Pemba, ninga wetu, na bundi wetu mdogo. Wawili wa kwanza ni waimbaji. Ninga na bundi si waimbaji, wala bundi hapendwi na mtu, lakini hayo ni ya barua nyingine.

Hapa nakurudishia nusu ya ushindi wako, Bi Mkubwa. Daraja la kutokuwa na wasiwasi si hirizi. Kinengenenge wa Pemba hana tawi la ukoo wake bara wala Mafia la kumrithi. Likitokea jambo moja baya la kisiwa kizima, hakuna akiba. Orodha hupima hatari inayoonekana leo. Moyo wako umepima itakayoweza kutokea kesho. Mwambie mjukuu aandike yote mawili, na akipata alama kamili mgawane.

*Maalim, zamani uliandika humu kwamba kunguru ni ndege mwimbaji. Nimewasomea wenzangu kijiweni, wamenicheka mpaka wamelia. Ulikuwa unatania?*
*— Kijana wa Kitogani*

Sikutania, wala sikuwa na homa. Kuimba, kwa wataalamu, si utamu wa sauti. Ni muundo wa koo. Ndege hutoa sauti kwa kiungo kilicho chini kabisa ya koromeo, pale njia ya hewa inapogawanyika kwenda kwenye mapafu mawili. Waimbaji wana misuli mingi mahali hapo kuliko ndege wengine, na kwa kawaida hujifunza sauti zao kwa wakubwa, kama mtoto anavyojifunza kusema. Kunguru ana muundo huo wote. Alichokosa ni ladha.

Kunguru wetu huyu mwenye shingo ya kijivu, *Corvus splendens*, si mwenyeji. Aliletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka za mji. Taka kazila, kisha kahamia kwenye mayai na makinda ya ndege wengine, na vifaranga vya mama yako. Splendens maana yake ni anayeng'aa, mzuri mno. Aliyempa jina hilo hakuwa na vifaranga.

Kwa kuwa tumezungumza juu ya Orodha Nyekundu: kunguru naye yuko katika daraja la wasio na wasiwasi mkubwa, kapu moja na kinengenenge wa Pemba. Mmoja ameenea nusu ya pwani za Bahari ya Hindi na hafukuziki kwa mawe wala kwa sumu. Mwingine anatosha katika kisiwa ambacho gari hukivuka kutoka Mkoani mpaka Konde kabla wali haujaiva vizuri. Msome Bibi wa Machomane hapo juu, mtaelewana.

*Maalim, niliandika katika insha, "Chozi ameanguka kwenye ua la mgomba." Mwalimu wa Kiswahili kanikata alama mbili, kasema chozi ni la ngeli ya li-ya, niandike "limeanguka". Nani mkweli?*
*— Mwanafunzi, Wete*

Wewe mkweli, na mwalimu wako pia ana sehemu yake. Chozi la jichoni ni li-ya: chozi limeanguka. Chozi ndege ni a-wa kama viumbe wote: chozi ameanguka, machozi wameanguka. Katika sarufi kima punju, kinengenenge, kunguru na chozi wote ni ngeli moja, a-wa, pamoja na mwalimu wako na mimi. Katika baiolojia neno hilo hilo, ngeli, linawatenga: kima upande wa mamalia, hao watatu upande wa ndege. Msichanganye madaftari.

Chozi wa Pemba, *Cinnyris pembae*, ni mwimbaji, na hayumo hatarini. Dume ni jeusi la kung'aa, ukimtazama juani unaona kijani, akigeuka kifua unaona zambarau. Jike amevaa kijivu na manjano kidogo kama mtu anayekwenda sokoni. Ua la mgomba ndipo hasa mahali pake, kwa hiyo insha yako ina ushahidi. Ila sina hakika alianguka. Kwa kawaida huning'inia kichwa chini akifyonza, na mtu wa mbali hudhani kaanguka. Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi simama karibu na mgomba uliotoa ua, usitikisike, utamwona. Kisha rudi kwa mwalimu na sentensi mpya. Akikukata tena, njoo naye barazani kwangu. Chai ipo.